Sura ya 5: Dirisha la Pili

Anayejenga vyumba vya kupangisha Dar es Salaam huanza na swali moja: kiwanja hiki kitatoa vyumba vingapi? Jibu hutafutwa kabla mchora ramani hajaitwa, mwenye kiwanja na fundi wakiwa wamesimama mchangani, fundi akichora kwa kijiti. Vyumba vinasogezwa hadi mpakani ili ukuta wa nyuma uwe ndio uzio. Mlango na dirisha vinakaa upande mmoja, na mbele yake kinabaki kichochoro cha kupitisha pikipiki. Mwenye kiwanja akiuliza habari ya dirisha la nyuma, fundi humjibu kwa upole: "Mama, huku nyuma ni kwa jirani, dirisha litaangalia nini? Tukibana hivi unapata na cha nane." Chumba cha nane ni kodi nyingine kila mwezi. Dirisha linafutwa kwa unyayo.

Sura zilizotangulia zilihusu kiwanja, hati na fedha. Hii inahusu dirisha hilo lililofutwa. Nimeingia katika vyumba vingi vya kupanga, vya Tandika, Manzese, Mbagala na Kigogo, na ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumshauri mtu anayetaka nyumba yake imlipe kwa miaka 30, ningechagua dirisha la pili, mbele ya marumaru, jipsamu na geti la kung'aa. Chumba chenye matundu katika kuta mbili kinalala watu. Chumba chenye tundu upande mmoja kinalala watu na pumzi zao.

Kupima ni rahisi. Chukua udi wa kijiti, ingia chumbani saa mbili usiku, funga mlango kama mpangaji afungavyo akilala, acha dirisha wazi, washa udi karibu na kitanda. Moshi utapanda wima hadi darini, utasambaa, kisha utaanza kushuka polepole hadi usawa wa mto. Karibu na dirisha utauona ukicheza, lakini kwenye kona ya kitanda hautikisiki. Sasa fungua kitu upande wa pili, hata kama ni upenyo wa tofali moja tu juu ya ukuta. Moshi ule ule utainama, utashika njia na kutoka. Upepo unapoipiga nyumba huusukuma ukuta mmoja na kuuvuta ule wa upande wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayoipitisha hewa ndani. Kama chumba hakina upande wa pili, upepo unapita nje yake tu.

Weka sasa baba, mama na watoto wawili katika chumba cha mita 3 kwa 3, na mlango umefungwa tangu saa nne hadi alfajiri. Kila pumzi inatoa unyevu, na unyevu usiotoka unatua ukutani. Sogeza kabati asubuhi uone: ukuta wa nyuma yake una madoa meusi ya ukungu, na nguo za chini zinanuka uvundo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba mwaka 2009, likihusisha hali hiyo na pumu na matatizo mengine ya kifua. Mpangaji hajausoma mwongozo huo. Anachojua ni kwamba mtoto anakohoa tangu wahamie hapa, na kodi ya miezi sita ikiisha ataanza kutafuta kwingine.

Kifua kikuu ndicho ugonjwa unaofuata pumzi kuliko mwingine wowote tunaoishi nao. Vijidudu vyake huelea hewani kwa saa kadhaa baada ya mgonjwa kukohoa, na aliye chumbani huvivuta. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali za Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 matokeo ambayo kila mjenzi angepaswa kuyajua. Walipofungua madirisha na milango, vyumba vya majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa. Vyumba vya majengo ya kisasa, navyo madirisha yakiwa wazi, vilibadilisha mara 17. Vyumba vyenye mitambo ya kusukuma hewa hulengwa kufikia mara 12. Majengo ya zamani yaliishinda mitambo kwa urefu wa dari na mpangilio wa madirisha, bila kutumia umeme hata kidogo.

Hapa kwetu mambo yanakwenda kinyume. Dari zinashushwa ili kuokoa kozi mbili za tofali. Madirisha ya mbao yaliyofunguka yote yamebadilishwa kwa ya alumini ya kusukuma, ambayo kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.44, lakini la kusukuma hufunguka nusu, yaani 0.72. Ukiongeza wavu uliojaa vumbi la barabarani, upepo unaopita ni mdogo zaidi. Simlaumu anayenunua alumini, maana haiozi, hailiwi na mchwa na inapendeza. Namwambia tu kwamba amelipia dirisha zima na kupata nusu. Zipo za alumini zinazofunguka kwa bawaba, na kwa chumba cha kulala ndizo ninazozipendekeza.

Wapo watakaosema dirisha hata likiwepo halifunguliwi. Ni kweli. Ikifika magharibi nyumba nyingi za Dar es Salaam hufungwa kwa hofu ya mbu na wezi, kwa hiyo dirisha lisilo na wavu na grili halihesabiki. Lakini mbu nao tuwatazame kwa makini, kwa sababu hawaingii wote kwa njia moja wala hawatoki mahali pamoja.

Mbu wa malaria huja usiku. Akiufikia ukuta hupanda akiufuata, na mahali anapopakuta wazi mara nyingi ni juu kabisa, pale ukuta unapoishia na bati kuanza. Nyumba isiyo na dari na yenye uwazi huo humkaribisha hata kama madirisha yote yana wavu. Mbu anayekera zaidi mjini, yule wa mlio sikioni, huzaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro, na ndiye anayeeneza matende. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Makunduchi kusini mwa Unguja, watafiti walimwaga katika vyoo vya shimo vyenye maji chembe ndogo za lile povu jeupe la plastiki linalofungashia televisheni. Chembe zilielea, zikafunika maji yote, mbu jike akakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa hewa. Wakati huo huo wakazi walipewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana, na chembe zile zilibaki zikielea kwa miaka. Mwenye nyumba wa leo hahitaji chembe hizo kama karo lake lina mfuniko wa zege usio na ufa na bomba la kupumulia lililofungwa wavu. Wavu huo ni wa bei ndogo, na nyumba nyingi hazina.

Mbu wa tatu huuma mchana na hupenda maji safi. Yeye ndiye aliyeleta homa ya dengi jijini mwaka 2014 na tena 2019. Anazaliana kwenye ndoo, mapipa na matangi yasiyofunikwa, na mpangaji hujaza mapipa pale ambapo maji hayatoki kila siku. Kwa hiyo tangi lenye mfuniko linalohudumia vyumba vyote ni kinga ya ugonjwa, na pia ndilo jambo la kwanza dalali hulitaja anapoinadi nyumba: "Maji yapo."

Mkoani Mtwara limefanyika jaribio ambalo naliheshimu sana. Wasanifu kutoka Denmark na watafiti waliokuwa wakifanya kazi Tanzania walijenga vijijini nyumba 110 za ngazi mbili, walizoziita Star Homes, na familia za kuhamia zikapatikana kwa bahati nasibu. Vyumba vya kulala viko juu, kwa kuwa mbu wengi huruka chini chini na upepo huko juu ni mwingi. Kuta za juu ni za wavu wa kivuli, zinazopitisha hewa na kuzuia wadudu. Chini kuna sakafu ngumu, jiko ambalo moshi wake una pa kutokea, choo, na tangi la maji ya mvua. Afya ya watoto ilifuatiliwa kwa miaka mitatu, ikilinganishwa na ya watoto wa nyumba za kawaida za vijiji vile vile. Sitarajii mtu ajenge kuta za wavu Mbagala, wezi wasingempa nafasi. Lakini kila jambo walilolitatua Mtwara lipo katika safu ya vyumba ya Mbagala, tena mengi yanatatulika kwa tofali na saruji zile zile tulizozizoea.

Tena hatukuhitaji kujifunza kutoka mbali. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni, ile ya vyumba sita, ilikuwa nyumba ya biashara tangu mwanzo. Mwenyewe alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Ukumbi ulipita katikati, kutoka mlango wa barazani hadi uani, vyumba vitatu kila upande. Kila chumba kilikuwa na dirisha la nje na mlango wa ukumbini, na ukumbi ulikuwa wazi ncha zote mbili. Jiko na choo vilikuwa uani, moshi na harufu mbali na kitanda. Haikuwa nyumba ya kifahari, lakini ilikuwa na njia ya upepo. Kilichoiharibu ni kodi. Uani ukajengwa vyumba vya ziada, kimoja baada ya kingine, hadi jua likakosa pa kutua. Jirani naye akasogeza ukuta wake, na madirisha ya ubavuni yakabaki yanatazama tofali. Leo ukiingia katika baadhi ya nyumba hizo saa sita mchana unakuta taa imewashwa ukumbini.

Nadhani ipo sababu nyingine inayowafanya wenye nyumba wengi wasitake kusikia neno afya. Katika miji yetu lilitangulia kuja kama amri. Waingereza walipoacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi kati ya Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi, hoja iliyotolewa ilikuwa ya kuzuia magonjwa, na matokeo yake yalikuwa kuwatenga watu kwa rangi. Bwana afya akawa mtu wa faini na kubomoa. Historia hiyo inaeleweka, na nataka tuivuke, kwa sababu anayeumia leo chumba kinapokosa hewa ni mpangaji wetu na mifuko yetu.

Basi tufanye hesabu. Chukua tarakimu hizi kama mfano, uweke za mtaa wako. Kiwanja kimebanwa kikatoa vyumba 8, kila kimoja shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima bila chumba kukaa tupu ni shilingi 6,720,000. Kiwanja hicho hicho ukiacha mita moja na nusu nyuma kwa ajili ya madirisha kinatoa vyumba 7, yaani 5,880,000. Tofauti ni 840,000, na hapo ndipo fundi na mwenye kiwanja wanapokubaliana kufuta dirisha. Lakini vyumba havikai na watu mwaka mzima. Tuseme vile vilivyobanwa hukaa tupu miezi 2 kwa mwaka, kwa kuwa wapangaji hawakai na kila wanapohama lazima ukuta wenye ukungu upakwe rangi na ukauke. Mapato yanashuka hadi 5,600,000. Tuseme vile 7 vyenye hewa hukaa tupu nusu mwezi tu. Vinaleta 5,635,000. Tayari vimevipita, na bado hujahesabu rangi, wala fedha ya kujenga chumba cha nane ambayo hukuitumia. Ukiweza kutoza 80,000, kwa sababu dalali akimleta mteja mchana wa Januari hakuti tanuri, mapato yanafika 6,440,000.

Wapo watakaonijibu kwamba Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5.3, halina chumba kinachokosa mtu. Huenda hakikosi. Lakini mpangaji mwenye kazi ya uhakika, anayelipa kwa wakati na anayefagia hadi nje ya mlango, ana uchaguzi, naye ndiye wa kwanza kuondoka. Anayebaki katika chumba kibaya ni yule asiye na pa kwenda, na huyo ndiye atakayekupigia simu kila mwezi kuomba umvumilie. Kwangu jambo hili lina uzito kuliko faida yenyewe: haifai mtu alipwe kwa sababu mwenzake hana pa kukimbilia.

Kwa wengi wetu nyumba hujengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua Mungu akijalia. Utaratibu huo una faida moja kubwa: kila hatua ina muda wa kufikiri. Afya ya chumba huamuliwa katika hatua ya msingi na boma, na fedha nyingi hutumika katika umaliziaji, wakati hakuna tena cha kuamua. Kabla ya kuchimba msingi simama katikati ya kiwanja uangalie jua. Hapa pwani jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima, kwa hiyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi zilipokee joto. Upepo nao unakubaliana na jua. Kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, na kusi hutoka upande wa kusini miezi ya katikati ya mwaka. Madirisha ya kaskazini na kusini yanapokea pepo zote mbili. Ni bahati kubwa, na manahodha waliijua zamani. Viwanja vyetu havikupimwa kwa kufuata upepo, lakini hata kwenye kiwanja kilichokaa vibaya safu ya vyumba inaweza kugeuzwa.

Mengine nayataja kwa kupita. Tandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha ukuta, la sivyo maji ya ardhini yatapanda na lipu itapukutika kila mwaka. Mchanga wenye chumvi ya bahari usiuguse hata ukiletewa kwa nusu bei. Kuta kati ya vyumba zifike hadi kwenye bati. Zikiishia darini, kikohozi na moshi wa chumba kimoja vitasafiri juu ya dari hadi chumba cha tano.

Jiko lina habari yake. Mpangaji asiyejengewa pa kupikia atapikia chumbani au mlangoni, kwa mkaa. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na Mbeya, Njombe na Arusha, ambako watu huliingiza jiko ndani ili kuota moto, watu hulala wasiamke. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mwenye nyumba anaweza kuanza mapema kwa kujenga kibaraza chenye paa na meza ya zege mbele ya kila chumba, mahali pa mtungi mdogo wa gesi, pasipo mlango wala ukuta wa mbele. Wanawake wakija kuangalia chumba husimama pale kwanza, wanapima urefu wa meza kwa kiuno, ndipo wanaingia ndani.

Na kama nyumba ilishajengwa na imebanwa? Anza na chumba cha mwisho wa safu, kwa kuwa kina ukuta wa ubavuni ulio nje. Subiri mpangaji ahame. Kabla dalali hajaleta mwingine, fundi atoe tofali tatu chini ya renta, bila kuigusa renta yenyewe, aweke matofali ya matundu na afunge wavu wa mbu kwa ndani kwa fremu inayofunguka ili uoshwe. Juu ya mlango, upande wa pili, afanye hivyo hivyo. Ni kazi ya fundi mmoja na saidia wake kwa siku moja. Washa udi tena jioni.

Vyumba vya katikati ni vigumu zaidi, maana mgongo wake uko kwa jirani. Mara nyingi kati ya ukuta wako na wake kuna uchochoro mwembamba uliojaa takataka, na vyumba vyake vinakosa hewa kama vyako. Mwendee kabla ya kumwita fundi. Mkubaliane kuusafisha uchochoro, kila mmoja atoboe matundu ya juu upande wake, yasitazamane, na maji ya mvua yapewe njia. Kisha nendeni wote wawili ofisi ya serikali ya mtaa mkaandikishane, mbele ya mashahidi, kwamba uchochoro ule hautajengwa wala kuzibwa, na ninyi au watoto wenu mkiuza nyumba, mnunuzi aoneshwe karatasi hiyo kwanza.